Kimya si Jibu: Ujuzi Usioandikwa katika Malezi ya Watafiti wa Kiswahili



Niliombwa nizungumzie mustakabali wa utafiti wa Kiswahili. Mada hiyo ni pana mno, na mimi si mtabiri. Kwa idhini yenu nitaipunguza hadi ifikie kimo changu. Nitazungumzia yale mambo ambayo mtafiti hana budi kuyajua ili adumu katika kazi hii, lakini hayamo katika mtaala wowote ninaoufahamu na hakuna aliyepangiwa kuyafundisha. Nitayasemea kutoka Mamba, katika milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same. Huko nilifundishwa mara mbili: mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na mara ya pili nikiwa tayari na cheo cha kuwafundisha wengine.

Anayesimama na anayeketi

Mtanivumilia nikianza na istilahi, kwani ndiyo desturi yetu. Kiswahili cha vyuo vikuu kina neno moja tu lililo rasmi kwa mtu anayemwongoza mwanafunzi wa utafiti, nalo ni msimamizi. Neno hili limetokana na kusimama. Twasimamia mitihani, twasimamia vibarua, twasimamia mirathi ya marehemu. Anayesimamia yu wima, na anayesimamiwa anajua kuwa anatazamwa. Baadhi yetu hupendelea kusema mlezi, neno lenye upole zaidi, ila humfanya mtu mzima mwenye shahada kuwa mtoto. Wengine husema mnasihi, lakini mnasihi hungoja ajiwe na mwenye shida, na mwenye shida hasa ndiye asiyekuja.

Watu wa pwani walikuwa na neno jingine, kungwi. Kungwi hasimami. Huketi ndani na mwali, akamwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Sipendekezi kwamba kuanzia kesho maprofesa waitwe makungwi. Naziogopa barua zitakazoandikwa. Ninachotaka tukione ni kwamba jamii iliyobuni neno hilo ilitambua mambo mawili kwa pamoja. Ilitambua kuwa yapo maarifa yasiyosemwa hadharani. Ikatambua pia kuwa, kwa sababu hayasemwi hadharani, lazima awepo mtu mwenye wajibu wa kuyasema faraghani. Upareni nako kulikuwa na mafunzo ya msituni yaliyoitwa mshitu, ambayo marehemu Profesa Isaria Kimambo aliyaeleza katika historia yake ya kisiasa ya Wapare. Chuo kikuu kimeurithi utambuzi wa kwanza na kuuacha wa pili. Siri tunazo, ila wa kuzisema hatukumteua.

Jalada lenye jina moja

Mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifungua kituo chao cha kwanza katika nchi hii huko Giti, Mamba, wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Baada ya miaka michache Ernst Kotz, aliyefanya kazi katika milima hiyohiyo, alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare. Ilitoka Berlin mwaka 1909. Ni kazi ambayo mtu anayechunguza Chasu hata leo huanza nayo, iwe kwa kuikubali au kuipinga.

Jalada la kitabu hicho lina jina moja. Hata hivyo, Chasu hakisomwi kwa kutazama milima. Ni lugha ya toni, na asiyezaliwa nayo hulazimika kuketi karibu na mtu anayesikia tofauti ambazo yeye hazisikii, akarudia neno, akasahihishwa, akarudia tena hadi yule mwingine aridhike. Katika chumba hicho, mgeni aliyeleta elimu alikuwa ndiye mwanafunzi. Walimu wake walikuwa vijana na wazee wa Upare. Walimpa maneno, na zaidi ya maneno walimpa sikio. Katika lugha hiyo kuna kazi nyingine za kujivunia zilizofuata: uchambuzi wa Abel Mreta kuhusu njeo na hali uliochapishwa mwaka 1998, na kamusi yake ya Chasu, Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 2008, iliyotolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hizo zilifanywa na mzungumzaji wa lugha hiyo, nami nadhani mabadiliko hayo ni makubwa kuliko tunavyoyasherehekea. Lakini swali la nani alimfundisha nani, na alimfundisha nini, bado haliulizwi.

Jembe na hojaji

Mimi si Mpare. Nilipofika Mamba mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na nilikuja kuchunguza msamiati wa Chasu ulioingia katika Kiswahili kinachozungumzwa wilayani Same. Nilikuwa na barua kutoka chuoni, barua kutoka mkoani, barua kutoka kwa Mkuu wa Wilaya, kisha mihuri ya Mtendaji wa Kata na ya Mtendaji wa Kijiji. Nilidhani muhuri wa mwisho ndio mwanzo wa utafiti. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, nikaketishwa kwenye kochi sebuleni, nikatoa hojaji yangu ya kurasa kumi na mbili.

Nilimuuliza kuhusu umwagiliaji. Ndiva ni nini? Bwawa. Mfongo ni nini? Mfereji. Msaragambo? Kazi ya pamoja. Ndani ya saa moja nilikuwa nimejaza kurasa tatu na nilijiona nimefaulu. Mzee akanitazama, akaniambia, "Mwanangu, maneno unayoyatafuta yapo kwenye maji, si hapa kwenye kochi. Kesho asubuhi njoo na jembe."

Ndiva za Upare hukinga maji ya kijito usiku kucha, ili yakifunguliwa mchana yawe na nguvu ya kufika mashamba ya mbali kwa kupitia mfongo. Wanaonufaika nazo huzisafisha na kuzikarabati kwa msaragambo. Nilikwenda, nikachimba tope kwa siku mbili, viganja vikachubuka. Siku ya tatu ulizuka ugomvi juu ya zamu ya maji. Ugomvi ule ulinipa zaidi ya hojaji nzima: nani angefungua, nani alikuwa ameshafungua, nani huwa anafungua kila mara ilhali hajaitwa. Vitenzi vilimiminika katika njeo na hali ambazo majedwali yangu hayakuwa na safu zake. Na watu waliokuwa wakinijibu kwa Kiswahili cha adabu sebuleni, pale kando ya maji walikuwa wakichanganya lugha mbili katika sentensi moja. Mchanganyiko huo ndio hasa niliokuja kuutafuta.

Sasa sikilizeni nilichoandika katika tasnifu yangu, sura ya tatu, sehemu ya mbinu. Niliandika: data zilikusanywa kwa njia ya usaili na ushuhudiaji. Basi. Jembe halimo. Mzee hayumo, ila katika orodha ya shukrani pamoja na watu wengine ishirini. Sikuwa na nia ya kudanganya. Niliandika kama nilivyoona wengine wameandika. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aliyekuja kuisoma tasnifu ile baada yangu alijifunza kuwa Mamba mtu huenda na hojaji. Sura zetu za mbinu, ambazo zingekuwa mahali pa kuyaandika yale yasiyosemwa, tumezigeuza kuwa mahali pa kuyaficha.

Vijana wa mwaka 1968

Haikuwa lazima iwe hivyo, na historia ya vyuo vyetu ina mifano. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Profesa Terence Ranger, iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji. Hawakungoja wahitimu kwanza. Walikwenda wakakosea, wakarudi, ripoti zao zikakusanywa pamoja, na watafiti wa vita hivyo wamezitumia tangu wakati huo. Gilbert Gwassa, aliyekuwa bado hajapata uzamivu wake, aliandika sura katika Historia ya Tanzania iliyohaririwa na Kimambo na A. J. Temu mwaka 1969. Kumpa kijana sura katika kitabu kama hicho ni kumfundisha mambo ambayo hakuna semina itakayoyafundisha: urefu wa hoja, ukali wa mhariri, na hofu ya kusomwa na watu usiowajua.

Kimambo mwenyewe anastahili kutazamwa kwa sababu nyingine. Kitabu chake cha kwanza kuhusu Upare, kilichojengwa juu ya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali, kilitoka mwaka 1969. Mwaka 1971 ulifuata mtabaa wake mfupi kuhusu Mbiru, yale maandamano ya Wapare ya kupinga kodi yaliyowakusanya watu Same mwaka 1945. Kitabu chake kikubwa cha pili kuhusu watu haohao kilitoka mwaka 1991. Kati ya kitabu na kitabu ipo miaka 22, na katika miaka hiyo alibeba dhamana kubwa za uongozi wa Chuo. Mwanafunzi anayeiona orodha ya machapisho ya mtaalamu huona tarehe. Haoni kilichokuwa katikati ya tarehe hizo. Hakuna anayemwambia kuwa utawala hula miaka, kwamba anayetaka kurudi kwenye utafiti lazima aache kazi ndogo mahali atakapoikuta, na kwamba kuchelewa si kufa. Na katika kitabu kile cha pili Kimambo aliitazama upya kazi yake ya kwanza na kueleza wapi haikutosha. Hilo nalo hatulifundishi. Tunafundisha namna ya kuwakosoa wengine.

Niliwahi kupokea barua ya mhariri wa jarida ikisema makala yangu isingeweza kuchapishwa kama ilivyo, ikiwa imeambatanishwa na kurasa tatu za maoni. Nikaiweka mtotoni, nikaona haya, nikakaa nayo mwaka mzima. Siku moja mwenzangu aliyenitangulia kazini aliiona kwa bahati. Akaisoma, akacheka, akaniambia, "Hebu soma tena maneno mawili ya mwisho wa sentensi." Kama ilivyo. Barua ile haikuwa ya kunikataa, ilikuwa ya kuniita. Mtu hamwandikii kurasa tatu yule asiyetaka kumwona tena. Nilipoteza mwaka kwa kutojua kuisoma sentensi moja ya Kiswahili sanifu, nami ni mwanaisimu.

Binti wa Mamba

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii, na ambalo ningependa kulipita kama ningeweza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa binti mmoja wa uzamili, mwenyeji wa Mamba. Alikuwa ameanza pale nilipoishia mimi: alichunguza jinsi maneno ya umwagiliaji ya Chasu yanavyotumika katika Kiswahili cha vijana wasiolima tena. Alikuwa na akili pevu na hati nzuri ya mkono. Alinikabidhi sura ya pili mkononi, ndani ya jalada la kijani. Nami wakati huo nilikuwa na majukumu ya idara, mitihani ya kusahihisha, vikao, safari. Miezi saba ilipita. Alinisalimu mara tatu katika ujia. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, hujambo? Karibu ofisini." Nami nikapita. Hakuja ofisini. Mwaka uliofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha ya usajili, na nakiri kwamba nilisema moyoni: wanafunzi wa siku hizi hawana uvumilivu.

Nilimkuta Mamba baada ya miaka minne. Alikuwa mwalimu wa sekondari na mkulima wa tangawizi, zao ambalo siku hizi ndilo linalowasomeshea wengi watoto wao kule. Alinikaribisha kwake, akanipa chai ya tangawizi kali kuliko niliyowahi kunywa. Nilimuuliza kwa nini aliacha. Alinijibu kwa utaratibu, bila lawama.

"Mwalimu, huku kwetu ukipeleka ombi kwa mzee akakaa kimya, humrudii. Amekwisha kujibu. Ukimrudia unamwambia hakusikia, au unamlazimisha akutamkie la kukuumiza. Mimi niliamini umeisoma sura yangu, umeona haifai, na umenisitiri."

Umenisitiri. Jalada la kijani lilikuwa kabatini mwangu chini ya majalada mengine, halijafunguliwa. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Alinyamaza, na safari hii nami sikujua kimya kile kilikuwa jibu la nini.

Mabibi na mabwana, nimeirudia simulizi hii kichwani mara nyingi. Katika mwaka wake walikuwapo wanafunzi wengine wawili niliowasimamia, na wote wawili walikuwa watoto wa wahadhiri. Hao walikuja kila wiki. Walimuuliza katibu muhtasi saa zangu, waliacha vikaratasi mlangoni, walinikumbusha mara mbili na mara tatu. Nami niliwaona kuwa na bidii kuliko mwenzao, hata nikawaandikia barua nzuri za mapendekezo. Walikuwa na bidii, sikatai. Lakini walikuwa pia wamekwisha kuambiwa, kwenye meza ya chakula nyumbani kwao, kwamba kimya cha profesa hakina maana yoyote. Ni karatasi tu zimemzidi. Binti wa Mamba alikuja na sarufi ya kimya iliyo kamili na ya adabu kuliko yetu, akaitumia kwa usahihi, na usahihi huo ukamtoa chuoni.

Wenzangu wengine huniambia kuwa ugumu ndio unaowapika wasomi: "Sisi hatukushikwa mkono, na tumefika." Ni kweli, tumefika. Wasiofika hawamo ukumbini humu kutoa ushahidi wao.

Tangu safari ile nimebadili mambo machache, na hayana utukufu wowote. Ninapopokea kazi ya mwanafunzi naandika tarehe juu ya jalada mbele yake. Namwambia siku kumi na nne zikipita anikumbushe, na kwamba kunikumbusha si utovu wa adabu. Mwanzoni nilidhani kusema kunatosha, kumbe wale niliowakusudia ndio waliokuwa hawaji, maana walilichukua neno langu kuwa ukarimu, kama ile karibu ofisini. Sasa nawaombea kitu cha kuchekesha kidogo: siku ya kwanza kabisa, kabla hatujazungumzia mada, mwanafunzi atamke kwa sauti, ofisini kwangu, "Shikamoo Mwalimu, nimekuja kuulizia sura yangu." Wengine hutazama chini. Binti mmoja alilisema mara nne kabla sauti haijatoka. Nawaonyesha pia ile barua ya mhariri wangu, na kurasa zake tatu. Na katika tasnifu ninazozisimamia, sura ya mbinu lazima iseme mtafiti alifika vipi, alifanya kazi gani kabla ya kuuliza, na nani alimsahihisha. Mtahini mmoja wa nje aliwahi kulalamika kuwa sehemu hiyo ni ya kihadithi mno. Tuliibakiza.

Kuhusu yule mwalimu wa Mamba, usajili wake ulikuwa umekwisha muda, na hakutaka kuanza upya. Ana shule, ana shamba, ana watoto. Lakini hakuacha kukusanya. Mwaka jana aliniletea kwa mkono wa mpwa wake daftari la msamiati wa tangawizi, kuanzia kuandaa mbegu hadi kupima mzigo barabarani, Chasu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, pamoja na mifano ya sentensi zilizosikika shambani. Baadhi ya maneno ya maji yamehamia kwenye tangawizi kwa maana mpya, jambo ambalo mimi nisingeliona kamwe. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, alikuwa ameandika kwa penseli: "Mwalimu, nitakukumbusha Jumatatu ya tarehe 14."

Nililirudisha Ijumaa iliyotangulia.